Shajara ya Nafuu ya Kodi Inayoisha

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Nafuu ya kodi kwa wanaotengeneza nyumba zao zisipoteze joto inaisha tarehe 31 Desemba mwaka huu. Sheria ya Agosti 2022 ilisema itadumu hadi mwisho wa 2032. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai imeikata miaka saba kabla ya wakati wake. Mimi na baba watoto tulikusudia kuanza mwakani, deni la gari likiisha. Leo tumekaa mezani tukapanga upya.

Nyumba yetu iko Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis, na ilijengwa 1956. Januari iliyopita barafu iliganda kwenye kioo cha chumba cha watoto, upande wa ndani. Mashine ya gesi ya kupasha nyumba ilinguruma usiku kucha na bado mtoto mdogo alilala na sweta. Wengi wetu tuliotoka pwani huchukulia kwamba baridi ya namna hiyo ni ya Minnesota. Sehemu kubwa ni ya nyumba.

Hesabu nimeiandika nyuma ya kalenda. Serikali ya Marekani inakupunguzia kodi kwa asilimia 30 ya gharama, ila kila kitu kina kikomo chake. Ukaguzi wa nishati, dola 150. Mlango wa nje, dola 250 kwa mmoja na 500 kwa yote. Madirisha, dola 600. Vifaa vya kuhami joto darini na kuziba nyufa vinaweza kufika 1,200, na vyote hivyo vikijumlishwa havivuki hiyo 1,200 kwa mwaka. Pampu za joto, ikiwemo hita ya maji ya aina hiyo, zina fungu lake la dola 2,000. Mwenye uwezo wa kufanya yote anafikia 3,200.

Sisi tumechagua ukaguzi, dari, mlango wa mbele na hita ya maji, kwa sababu ile ya zamani imeanza kuvuja. Kwa madirisha hela haitoshi.

Ijumaa, 19 Septemba

Mkaguzi amefika saa mbili asubuhi, mimi ndiyo kwanza nimetoka zamu ya usiku. Alifunga madirisha yote, akasimamisha feni kubwa kwenye fremu ya mlango wa nyuma, akaizungushia turubai jekundu, kisha akaiwasha ivute hewa ya ndani na kuitoa nje mpaka tofauti ya mgandamizo ikafika paskali 50. Hapo nyumba inalazimika kuvuta hewa kupitia kila ufa ilio nao. Alitembea na kijiti cha moshi mkononi. Penye ufa, moshi unakatika na kukimbia.

Ulikatika kwenye swichi ya sebuleni, chini ya sinki, pembeni mwa kila fremu. Taa ya dari ya jikoni ilimwaga vumbi jeusi juu ya sahani ya mahamri niliyomwandalia. Yametupwa yote. Yeye alikunywa chai kavu na kuendelea na kazi.

Darini alikuta nyuzi za kioo zilizolala, unene wa inchi nne hivi, na pembeni kuna mahali hapana kitu kabisa. Joto tunalolipia linapanda juu na kutoka. Alituambia tuanze na dari kabla ya kitu kingine chochote, na namwamini, kwa sababu hauzi vifaa wala hapati chochote kwa kusema hivyo.

Jumanne, 30 Septemba

Ripoti imekuja kwa barua pepe. Ina picha nzuri na mapendekezo yamepangwa kwa uzito wake. Haina namba ya mwajiri wa mkaguzi. Haina tamko kwamba amethibitishwa, wala jina la programu iliyomthibitisha, nayo ni lazima iwe miongoni mwa zile zinazotambuliwa na Wizara ya Nishati. Bila mambo hayo matatu, ukaguzi hauhesabiwi.

Nilipiga simu ofisini kwao. Dada aliyepokea akasema hakuna mteja aliyewahi kuulizia. Hilo limeniuma kuliko ripoti yenyewe. Wapo waliolipa kama sisi dola 400, nafuu yao ni dola 120, na wanashika karatasi isiyotimia bila kujua.

Alhamisi, 9 Oktoba

Ripoti iliyokamilika imefika. Nimeichapisha nakala mbili.

Usiku kazini, kwenye nyumba ya wazee, kulikuwa kimya, nikasoma asili ya jambo hili. Si jipya. Mwaka 1978, enzi za Rais Jimmy Carter, Bunge la Marekani lilitoa nafuu ya asilimia 15 ya dola 2,000 za kwanza kwa anayehami nyumba yake, yaani dola 300. Ilifutika mwisho wa 1985. Ikaja nyingine katika sheria ya nishati ya 2005, ya asilimia 10, ikawa inakufa na kufufuliwa. Ile ya 2022 ndiyo ilikuwa pana kuliko zote. Kwa ritani za mwaka 2023, familia zaidi ya milioni 3.4 ziliomba nafuu za nishati ya nyumbani, ukijumlisha na zile za sola, na thamani yake ilipita dola bilioni 8.

Mimi naona wamekosea kuikata. Mwenye nyumba wa kipato cha kawaida hawezi kufanya yote mwaka mmoja. Uzuri wa sheria ile ulikuwa kwamba kikomo cha dola 1,200 kinaanza upya kila Januari: mwaka huu dari, mwakani madirisha, mwaka wa tatu milango. Miaka kumi ilimtosha mtu wa mshahara. Miezi sita inamtosha mwenye akiba tayari, naye ndiye aliyekuwa na shida ndogo zaidi.

Jumatano, 15 Oktoba

Mafundi wa dari wamekuja na lori. Wanachopuliza ni karatasi za magazeti zilizosagwa na kutiwa chumvi za boroni zisishike moto. Mpira mrefu unatoka kwenye lori, unapita mlangoni, ukumbini, unapanda ngazi hadi darini. Kwanza waliziba nyufa kwa povu, kuzunguka mabomba na taa. Nusu ya asubuhi ikaishia hapo na sikulalamika, maana kuhami bila kuziba ni kuacha upepo upite katikati ya pamba.

Baada ya adhuhuri mpira ukachomoka kwenye kiungo chake, ukumbini. Kabla mtu hajafika kuzima mashine, ukumbi ulikuwa wa kijivu hadi magotini. Leso zangu mbili zilizotundikwa nyuma ya mlango, viatu vya watoto, mkeka wa kuswalia, vyote vilifunikwa. Nilichukua kipande kiganjani. Ni laini, kina unyevu kidogo, na ukikisogeza karibu na jicho unaona herufi: nusu ya *R*, mkia wa *g*. Mafundi walisafisha kwa adabu na kuchukua mkeka wakaukung'uta wenyewe nje.

Jioni nilipanda ngazi na tochi. Wamepigilia vipande vya rula ya karatasi kwenye mbao za paa ili mtu asome kina: karibu inchi 17. Hicho ndicho kiwango kinachotakiwa na kanuni za ujenzi za 2021 kwa maeneo ya baridi kama yetu. Nimepiga picha za rula hizo.

Ijumaa, 24 Oktoba

Ankara ya dari imekuja na mstari mmoja: kazi ya darini, dola 3,720.

Hapa ndipo wengi wanapopoteza. Kwa dari, madirisha na milango, sheria inahesabu bei ya vifaa peke yake. Hela ya fundi haimo. Kwa hita na pampu za joto, hela ya fundi imo. Ankara ya mstari mmoja haisemi lipi ni lipi, na mtu akiulizwa hana jibu.

Nilipiga simu kampuni ile. Waliniambia kompyuta yao inachapa hivyo. Nikaomba barua ya kawaida, yenye jina la kampuni juu, inayotaja vifaa mbali na ufundi mbali. Wakasema watampa mhasibu. Nikauliza mhasibu anaitwa nani. Wakasema yuko likizo.

Jumatatu, 3 Novemba

Mhasibu amerudi na barua imekuja. Vifaa ni dola 1,640, ufundi 2,080. Asilimia 30 ya vifaa ni dola 492. Aliandika kwa ufasaha na akaongeza aina ya vifaa na kiwango chake. Nimemshukuru kwa simu.

Jumamosi, 8 Novemba

Mlango umefika. Bawaba ziko upande usio wake, kwa hiyo ukifunguka utaziba ngazi. Fomu ya oda tuliyosaini inasema kushoto. Mlango unasema kulia. Duka limekubali kubadilisha, wiki nne. Baba watoto ameandika tarehe 31 Desemba kwa wino mwekundu kwenye friji.

Wiki nne kutoka leo ni tarehe 6 Desemba. Inawezekana.

Jumapili, 23 Novemba

Tumekwenda kumwamkia shangazi, anayeishi peke yake upande wa kaskazini wa mji. Alituonyesha mlango mpya wa nyuma kwa furaha. Muuzaji alimwambia serikali itamrudishia dola 250.

"Mwanangu," aliniuliza, "hizo hela wanatuma lini?"

Shangazi ana pensheni ndogo na hadaiwi kodi hata senti. Nafuu hii inapunguza kodi unayodaiwa, basi. Haigeuki kuwa fedha mkononi, na kinachobaki hakibebwi kwenda mwaka unaofuata. Asiyedaiwa kodi hapati kitu. Nilimweleza taratibu. Alinyamaza, kisha akasema mlango wenyewe ni mzuri, na akatumiminia uji.

Mtu kama yeye ana njia yake. Tangu 1976 serikali ya Marekani ina mpango wa kuhami nyumba za watu wa kipato cha chini. Wanakuja, wanakagua, wanaziba nyufa na kuhami dari bila kumtoza mwenye nyumba. Wazee, walemavu na familia zenye watoto hutangulizwa. Anayestahili, kwa kawaida, ni yule ambaye kipato chake hakivuki mara mbili ya kiwango cha umaskini kilichowekwa na serikali. Muuzaji wa milango hakumwambia hilo. Kesho nitamjazia fomu ya wilaya, nimeshachukua vitambulisho vyake na bili ya gesi.

Ijumaa, 5 Desemba

Mlango umefungwa leo, bawaba kushoto. Nje nyuzi hasi kumi na moja. Nyumba ilikaa wazi wakati fremu ya zamani ikitolewa, na maji ya bakuli la mbwa wa jirani, aliyekuja naye kutazama, yalipata ganda la barafu ukumbini kwetu.

Fundi alibandua karatasi zote za kiwandani kwenye mlango, akazikunja, akazitia kwenye mfuko wa taka pamoja na povu la zamani. Karatasi hizo ndizo ushahidi. Moja ina alama ya Energy Star, ya ufanisi wa nishati. Nyingine ina jina la kiwanda na namba ya toleo, na hiyo ndiyo inayokuwezesha kutafuta msimbo wa kiwanda, yaani alama nne za herufi na tarakimu ambazo kuanzia mwaka huu wa 2025 ni lazima ziandikwe kwenye fomu. Kiwanda kisichojisajili kwa Mamlaka ya Mapato, IRS, bidhaa yake haikupi nafuu hata iwe bora namna gani. Dari haihitaji alama hizo. Mlango, dirisha, hita na pampu vinahitaji.

Tumeumwaga mfuko kwenye theluji ya uani chini ya taa ya gari na kuzipata zote mbili. Zimekauka juu ya kifuniko cha mashine ya kufulia na ziko kwenye bahasha. Mlango peke yake ni dola 1,050, asilimia 30 yake ni 315, kikomo kinaturudisha 250.

Jumatatu, 22 Desemba

Kampuni ya hita ya maji imepiga simu. Fundi wao ana homa na mwingine amepangiwa kazi hadi Januari. Yule bwana akasema, kwa sauti ya kusaidia kabisa, tulipe salio lote leo, atatoa risiti ya Desemba, nao watafunga hita tarehe 6.

Nilimwambia risiti haitusaidii. Kinachohesabiwa ni siku kazi ilipokamilika na kitu kikaanza kutumika. Ukilipa Novemba na kikafungwa Januari 2026, huna nafuu. Akasema wateja wengine wamekubali. Nikamwomba awapigie simu wateja hao leo hii awaambie ukweli, kwa sababu bado wana siku chache za kutafuta fundi mwingine. Alikaa kimya kidogo, akasema atamwuliza meneja.

Jioni meneja mwenyewe akapiga. Tarehe 30, asubuhi.

Jumanne, 30 Desemba

Mafundi wawili wamefika saa tatu wakiwa na hita kwenye kigari. Haikupita kwenye mlango wa ngazi ya chini. Walivua mlango kwenye bawaba, wakavua na vishikio vya hita, ikapita kwa upana wa kidole. Hita hii haichomi gesi. Ina pampu inayovuta joto lililomo kwenye hewa ya chumba cha chini na kulitia kwenye maji, ndiyo maana inatumia umeme kidogo sana kuliko hita ya umeme ya kawaida. Chumba kinapoa, na unyevu wa hewa unageuka maji yanayohitaji pa kutokea.

Mpira wa maji hayo waliuacha ndani ya ndoo, wakasahau kuuunganisha na bomba la sakafuni. Saa nne usiku ndoo ilifurika na kulowesha boksi la viatu vya theluji vya watoto. Baba watoto ameuunganisha mwenyewe.

Lililo muhimu: kabla hawajaondoka niliwaomba waandike kwenye ankara kwamba kazi imekamilika na hita inafanya kazi tarehe 30 Desemba 2025, wakatia saini. Msimbo wa kiwanda umo, namba ya toleo imo, na cheti cha kiwanda kwamba hita iko katika daraja la ufanisi linalokubalika kimo. Dola 3,900, vifaa na ufundi.

Jumamosi, 10 Januari 2026

Mjomba amekuja kutujulia hali. Madirisha yake yalifungwa juzi. Alilipa yote mwanzoni mwa Novemba na ana risiti yenye muhuri. Kiwanda kilichelewesha, muuzaji alimwambia asijali, tarehe ya malipo ndiyo inayotazamwa.

Nilimwambia ninavyojua. Alinitazama, akamtazama baba watoto, akauliza kama hakuna hata barua ya kuandika. Hakuna. Dola 600 zimepotea. Mjomba ameendesha teksi katika mji huu tangu watoto wake wakiwa wadogo na kila mwaka ritani zake zinafika kabla ya tarehe 15 Aprili. Hakustahili kuambiwa uongo na mtu aliyekuwa na haraka ya kufunga mauzo yake ya mwaka.

Jumatano, 28 Januari

Msimu wa ritani ulifunguliwa Jumatatu. Leo kampuni ya umeme imetutumia hundi ya punguzo la hita, dola 600. Ni hela ya halali na tunaishukuru, lakini inapunguza gharama tunayoihesabu: 3,900 toa 600 ni 3,300, na asilimia 30 ya hiyo ni 990. Anayeomba nafuu kwa 3,900 nzima anaomba kwa fedha ambayo hakuitoa.

Risiti ya mlango imefifia. Zile karatasi laini za mashine ya dukani hazipendi joto, na bahasha ilikaa juu ya rejeta. Tarehe haisomeki, jina la duka linasomeka nusu. Picha ya siku ya kwanza iko kwenye simu na nimeichapisha. Risiti hizi ni za kutunzwa angalau miaka mitatu baada ya kuwasilisha ritani, kwa hiyo karatasi ya duka peke yake haitoshi.

Jumamosi, 7 Februari

Tumekwenda kwa mjaza ritani ambaye watu wetu wengi wanamtumia. Ofisi yake ilijaa, watoto wanacheza chini ya viti. Alipofika kwenye Fomu 5695, sehemu ya pili, aliandika dari dola 3,720.

Nikamwonyesha barua ya mhasibu: vifaa ni 1,640.

"Dada, wote wanaandika jumla," alisema. "Hakuna anayeuliza."

Nilimwomba afute. Tofauti kwetu ilikuwa dola 338, kwa kuwa jumla yake ingegonga kikomo cha 1,200 badala ya 862 tunayostahili. Ni hela ya kununulia watoto makoti. Lakini anayetia saini ritani ni mimi na mume wangu, wala si yeye, na siku swali likija litakuja na jina letu. Alifuta. Tukaingiza moja moja: ukaguzi 120, dari 492, mlango 250 na msimbo wake wa kiwanda, hita 990 na msimbo wake. Jumla dola 1,852. Zikahamia kwenye Jedwali la 3, mstari wa 5b, na kutoka hapo kwenye ritani yenyewe. Kodi tuliyodaiwa mwaka huu inazidi kiasi hicho, kwa hiyo yote imetumika.

Kompyuta yake ilizima kabla ya kutuma. Tulisubiri ikiwaka, akaingiza tena, nikasoma kila tarakimu kwa sauti na baba watoto akafuatisha kwa kidole kwenye karatasi.

Jumatatu, 2 Machi

Marejesho yameingia benki. Bili ya gesi ya Januari nimeiweka kando ya ile ya mwaka jana, na gesi tuliyochoma imepungua wazi, ingawa sehemu yake ni hita ya maji iliyohamia kwenye umeme. Shangazi amepigiwa simu na watu wa mpango wa kuhami nyumba. Watamkagua mwezi huu.

Jana baada ya mazishi ya mzee mmoja wa jumuiya yetu nilizungumza na akina mama jikoni, na karibu kila mmoja alikuwa na dirisha, mlango au hita ya miaka hii mitatu, na wachache mno walikuwa wameomba chochote. Kwa hiyo naandika hapa nitakalowarudia Jumapili ijayo. Kazi iliyokamilika ndani ya 2025 inaombwa kwenye ritani ya mwaka huu, mwisho tarehe 15 Aprili. Kazi ya 2023 au 2024 ambayo hukuiombea haijapotea: ritani ya zamani inarekebishwa kwa Fomu 1040-X, na kwa kawaida una miaka mitatu tangu ulipoiwasilisha. Aliyewasilisha ritani ya 2023 kwa wakati ana hadi tarehe 15 Aprili 2027. Fungueni droo mtoe risiti. Mwenye ankara ya mstari mmoja ampigie fundi wake wiki hii, fundi akiwa bado anaikumbuka nyumba hiyo na kampuni yake ikiwa bado ipo.